Pigo Lina Picha Mbili

Kazi yangu ni kuanguka. Usicheke. Kuna watu wanalipwa kukaa kwenye kiti wasifanye chochote, mimi nalipwa kuanguka. Naanguka kutoka juu ya paa, kwenye ngazi, dirishani, mbele ya konde la mtu ambaye hata hajanigusa. Shule niliacha mapema kwa sababu kutulia sijui, na nashukuru nimepata kazi ambayo ukitulia tu umeiharibu.

Anayenilipa ni mjomba wangu, kaka wa mama. Ana kampuni ya katuni, na katuni yake inaitwa Nyundo. Nyundo ni jamaa wa nguo nyekundu za kubana, ana nyundo kubwa kuliko kichwa chake, anagonga wabaya. Zamani alikuwa kwenye vitabu tu. Siku hizi yuko kwenye sinema, na hii tunayopiga ni ya tatu.

Ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha, kuna kampuni nyingine ya katuni. Yao inaitwa Fuawe. Fuawe si unaijua? Lile pande la chuma ambalo mhunzi analiweka chini, anagongea vitu juu yake. Basi huyu Fuawe ni jibaba la kijivu, ulipige na nini halivunjiki. Nalo lina sinema, na nalo liko kwenye ya tatu. Mwenye kampuni hiyo ni mkaza mjomba wangu. Yaani alikuwa. Waliachana.

Mwanzoni ilikuwa katuni moja. Nyundo shujaa, Fuawe adui yake. Walikuwa wanachora kwenye meza moja, mjomba upande huu, mkewe upande ule. Siku ya kuachana hawakugombea vyombo wala makochi, na mtoto hawakujaliwa. Waligombea watu wa kwenye karatasi. Mume akaondoka na Nyundo, mke akabaki na Fuawe, na wakaapa mbele ya ndugu kwamba hakuna atakayemchora wa mwenzake mpaka kufa.

Kitabu cha mwisho cha pamoja nilikisoma nikiwa mdogo mpaka kikachanika. Ukurasa wa mwisho Nyundo ameinua nyundo juu kwa mikono miwili, Fuawe amesimama chini yake, anamtazama. Basi. Lile pigo mpaka leo halijashuka. Nani alishinda? Swali hilo limeninasia kichwani kama uzi wa nyama kwenye jino.

"Mjomba, nani alishinda?"

"Nyundo."

"Mbona hukuchora?"

"Nenda kaanguke huko."

Ndio majibu yake, miaka yote.

Sasa kuna bwana mmoja mwenye majumba ya sinema. Sisi tunamwita Kunguru, kwa sababu vita vya panzi ni furaha yake. Alikuwa anabandika Nyundo ukuta huu na Fuawe ukuta ule, vijana wanagombana vinyozini huku nusu ya kichwa imenyolewa, yeye anauza tiketi. Lakini viti vimeanza kuwa vitupu. Juzi akaja ofisini, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwakani naonyesha mmoja," akasema. "Nitaziangalia zote mbili zikiisha. Atakayenifanya nisinzie, ndio kwaheri yake."

Alipotoka mjomba akabaki ameshika lile sanamu dogo la Nyundo lililoko mezani kwake, analifuta vumbi ambalo halipo.

"Sina mtoto mwingine," akaniambia. "Huyu akizikwa, mimi nabaki nani?"

Mjomba hana kawaida ya kusema vitu kama hivyo.

Tukawaonyesha wafanyakazi vipande vya sinema yetu, tuone inakwendaje. Wakacheka. Na si mahali pa kuchekesha. Walicheka Nyundo alipompiga adui, na adui ni mimi ndani ya nguo ya sponji iliyopakwa rangi ya jiwe. Mpishi wa kantini alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Mjomba akanigeukia. "Unaanguka kama shati lililokatikiwa na kamba!"

Iliniuma. Mimi naanguka vizuri, kila mtu anajua. Nikachukua vitabu vya zamani na vya sasa, nikavitandaza sakafuni, nikaanza kuangalia pigo moja moja, nione wenzangu wa kwenye karatasi wanaangukaje.

Ndio nikaona. Kwenye vya zamani, kila pigo lina picha mbili. Ya kwanza mkono unafika. Ya pili mwili unapokea. Kila mahali, mbili mbili. Vitabu vya mjomba baada ya talaka, picha ya pili haipo! Ameweka nyota kubwa na neno PAA! Ukurasa mzima PAA! Nikatuma mtu aninunulie vya ng'ambo ya barabara. Kule kinyume chake. Fuawe anapokea kila kitu, mawe, magari, milango, lakini anayerusha haonekani. Vitu vinatoka nje ya ukurasa tu, kama mtu anayepigwa na majirani asiowajua.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na hawa wawili kila mmoja alikuwa na kidole chake.

Hakuna mtu wetu anayevuka ile barabara. Hata soda tunanunua upande wetu. Mimi nikavuka, mchana kweupe.

Mlinzi akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe si wa Nyundo?"

"Leo ni wa kuuliza."

Nilimkuta mkaza mjomba amesimama kwenye meza ya kuchorea, miwani juu ya paji la uso, penseli mbili zimechomekwa kwenye nywele, na anatafuta penseli.

"Mpwa wa mume wangu wa zamani," akasema. "Umekuja kuiba au kula?"

"Kujifunza kuanguka."

Akacheka, akachukua rula ndefu. "Simama hapo." Akanipiga nayo begani, si kwa nguvu. "Nini kilisogea kwanza?"

"Bega."

"Mwongo. Tena."

Akanipiga tena. Nikafikiri. "Macho."

"Ehe. Jicho linajua kabla ya mwili. Linaliona pigo, linaangalia ni zito kiasi gani, ndio mwili unaamua. Wewe unaanguka kwa sababu umeambiwa uanguke. Mtu hapigwi hivyo."

Nilikaa kule mpaka mgongo ukauma. Alinichapa na rula kila upande, na kila mara ananiuliza: zito? jepesi? Unakwenda au unabaki? Mwisho nikashindwa kujizuia.

"Mkaza mjomba, ule ukurasa wa mwisho. Nani alishinda? Mjomba anasema Nyundo."

"Anasema!" Akaitupa rula mezani. "Yeye alikuwa anachora pigo, mimi nachora mapokezi. Tangu lini anayepiga akajua kama limeuma? Anayepigwa ndiye anajua."

"Kwa hiyo Fuawe."

"Sijui."

"Hujui?"

"Nitajuaje? Sikuletewa pigo. Aliniambia, mchore ameanguka. Nikamwambia, lishushe kwanza nilione, ndio nijue kama ni la kuanguka. Akasema, nikisema ameanguka, ameanguka. Nikaweka penseli chini."

"Mkaachana kwa hilo?"

"Na kukoroma," akasema.

Siku ya pigo la mwisho tulikuwa kwenye ghala moja kuukuu, maboksi matupu yamepangwa nyuma yangu mpaka juu. Anayecheza Nyundo ni kijana mzuri wa sura anayeogopa vumbi. Nyundo yenyewe ni sponji iliyopakwa rangi ya chuma. Yote niliyotakiwa ni kupigwa, kuruka nyuma na kuyavunja maboksi.

Kamera zikaanza. Nyundo ikaja. Nami nikafanya kama nilivyofundishwa, nikaliangalia pigo linavyokuja, nikajiuliza ni zito kiasi gani.

Hamna kitu. Lilikuwa jepesi kama salamu ya mtu anayekudharau. Macho yakasema baki, na mwili ukabaki. Sponji ikanifika kifuani ikajikunja kama kandambili iliyoachwa juani. Nikasimama, namtazama kijana usoni, naye akarudi nyuma hatua moja mwenyewe, hata hajui kwa nini.

Hakuna aliyecheka. Nikamtafuta mpishi wa kantini kwa macho, naye kafunga mdomo.

Mjomba akaja mbio. "Mbona huanguki?"

"Halikunifikia, mjomba."

"Ni sponji, wewe! Litafikaje?"

"Hata yale mengine hayakufika. Nilikuwa nakuonea huruma tu."

Nilidhani atanifukuza palepale. Akaamuru turudie. Tukarudia, nikaanguka vizuri, maboksi yakapasuka, kila mtu akapiga makofi. Lakini jioni nilimkuta kwenye chumba cha kukatia picha, peke yake, anaangalia kile kipande cha kwanza. Ninasimama. Anarudisha. Ninasimama. Anarudisha.

"Kasimama," akasema bila kugeuka. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu anafanya nini? Mtu hawezi kusimama tu."

"Mimi mwangukaji. Muulize anayechora mapokezi."

Akageuka. "Ulivuka."

"Nilivuka."

Nikasubiri matusi. Hayakuja. Akavuta droo, akatoa karatasi, akatafuta penseli ofisi nzima, kwa sababu bosi huyu alikuwa na miaka hajashika penseli. Akaipata ya mhasibu. Akachora ile nyundo inashuka. Alifuta, akachora, akafuta, shati limelowa mgongoni. Mwisho nikaona mikono, mpini, chuma kinakuja chini na uzito wake wote, mpaka nikajikuta nimeinamisha kichwa. Chini ya nyundo akaacha peupe. Hakumchora wa mwenzake. Kiapo ni kiapo.

"Mpelekee. Usimwambie neno."

Asubuhi nikavuka. Mkaza mjomba akaishika karatasi, akaigeuza dirishani kwenye mwanga, akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Mkono umezeeka," akasema. "Lakini hili limekuja kweli."

Akachomoa penseli kichwani, akaniambia nitazame ukuta. Nilitazama ukuta kwa jicho moja.

Nilipomrudishia mjomba, aliifunua taratibu kama mtu anayefunua kidonda. Fuawe yuko pale palipokuwa peupe. Goti moja liko chini.

"Kaumia!" Mjomba akaruka kwenye kiti. "Umeona? Goti! Kaumia! Nilisema mimi..." Kisha akaisogeza karatasi karibu na uso. "Hii nini?"

Mkono wa Fuawe ulikuwa umeushika mpini wa nyundo. Umeukamata barabara, vidole vitano. Na macho yake yanamtazama Nyundo, kama yanauliza haya, utaiinuaje sasa?

"Kaushika mpini?" mjomba akapaza sauti. "Nani kamruhusu ashike mpini? Miaka yote hajawahi kushika mpini!" Alikuwa amekasirika, ila meno yote yako nje. Akavuta karatasi nyingine, akapiga mstari wa kwanza kabla hajakaa vizuri.

"Kwa hiyo mjomba, nani alishinda?"

"Ngoja kwanza."

Simu ya mezani ikalia. Yeye hakuisikia, nikapokea mimi. Ni Kunguru, anataka kujua sinema itakuwa tayari lini, aje aangalie, aamue ni nani abaki na nani aende.

Nikaziba simu kwa kiganja. "Mjomba, anauliza ni nani wa kubaki."

Mjomba alikuwa ameinama, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto. Nyundo ameweka mguu mmoja kwenye bega la Fuawe, anavuta mpini kwa nguvu zote. Sehemu ya Fuawe ameiacha peupe.

"Mwambie asiguse kitu," akasema. "Mwambie bado tunapigana."

Nikamwambia Kunguru hivyohivyo, nikakata simu. Mjomba akapuliza vumbi la ufutio, akanipa karatasi, nikashuka ngazi mbilimbili. Katikati ya barabara nikasimama kuitazama, gari likanipigia honi, nikaruka pembeni. Sikuanguka.