Mgongo wa Nguo ya Samawati

Mlango wa chumba changu cha kushonea una mwimo mpana wa mbao ngumu, na upande wa kushoto, kwenye kimo cha mabega ya msichana, rangi imechujuka hata mbao imebaki tupu. Ni migongo yetu iliyoichubua. Marehemu mama, aliyekuwa fundi cherehani kabla yangu katika chumba hiki hiki, alikuwa akitusimamisha pale mimi na dada zangu kila Jumamosi asubuhi, mmoja baada ya mwingine: visigino, makalio, makombe ya mabega, kisogo. Vyote hivyo sharti viguse mbao. Kisha alipitisha kidole gumba palipokuwa na upenyo, kwa utulivu wa mtu anayekagua pindo, na aliyekutwa amejikunja alitwikwa kapu la vitambaa kichwani akazunguke nalo uani hadi mama atosheke. Kitinda mimba wetu alikuwa akicheka mpaka kapu linaanguka. Na kwa kuwa limeanguka, alianza upya, akacheka upya.

“Nguo huanzia mgongoni,” mama alituambia. “Mimi sishoni juu ya uvivu.”

Hata leo, nikifungua chupa ya mafuta ya cherehani, hunijia kile kicheko cha uani.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, hakuwahi kubeba kapu. Yeye ni mwogeleaji wa timu ya shule. Alipoanza alikuwa msichana mwembamba, mkimya, wa kuamshwa kwa kuvutwa shuka. Bwawa lilimbadilisha: akawa anaamka kabla ya kuku wa jirani, anakula sahani mbili, anazungumza mezani. Mwaka huu kocha alimteua kumaliza mbio za kupokezana, nafasi ambayo wasichana wenziwe waliililia. Hayo yote niliyaona na nikayafurahia. Lakini mimi ni mshonaji, na jicho la mshonaji haliombi ruhusa. Blauzi yake ya shule ilianza kumbana mgongoni na kulegea kifuani. Ukosi ukaiacha shingo. Mabega yalikuwa yakija mbele kidogo kidogo, kama mapazia yanayofungwa, na kichwa kikiyafuata.

Mjomba wake, mwanangu wa mwisho, alimwita Kobe.

“Kobe karudi,” alisema kila jioni msichana alipoingia na mfuko wake wa nguo mbichi. “Ingiza kichwa tupite.”

“Kobe wanaishi miaka mingi, mjomba. Mwenye tumbo kama hilo, sijui ataishi mingapi.”

“Adabu,” nikasema, nikageukia ukuta ili asinione midomo.

Ila sikuwa na mzaha na jambo lenyewe. Sherehe ya tuzo za timu yake ilikuwa imekaribia, na nilikuwa nimeahidi kumshonea nguo ya kitambaa cha samawati nilichokihifadhi sandukuni kwa muda mrefu. Nikamwita mbele ya mama yake.

“Jumamosi nitakupima penye mwimo. Makombe yako yasipogusa mbao, bwawa basi.”

“Basi kabisa, bibi?”

“Sijui basi ya nusu.”

Binti yangu alianza kumtetea. Nikamkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

“Huyu wetu, mama,” akajibu, “shida ni kumkunjua.”

Jumamosi ilipofika, msichana alisimama kama mlingoti. Visigino, makalio, makombe, kisogo. Kidole gumba changu hakikupata pa kupita. Moyo wangu ulijaa. Niliona kana kwamba mama yuko nyuma yangu na tepu yake shingoni, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapima, nikaandika kwa chaki, nikakata kitambaa siku hiyo hiyo nikiimba chini kwa chini, jambo ambalo sina mazoea nalo.

Alhamisi alasiri nikamjaribisha. Zipu ya ubavuni ilipanda bila kusita. Alijitazama kwenye kioo akiwa amenyooka, bila kupumua, na nguo ikamkaa kama imemwagwa juu yake. Mimi, kwa ile furaha, nikagonga kikasha cha pini kwa kiwiko, pini zikatawanyika sakafuni. Akainama haraka kuziokota kabla sijamkataza.

Mlio wa mshono unaoachia haufanani na mlio mwingine wowote. Ulianzia shingoni ukashuka hadi katikati ya mgongo.

Alibaki amechuchumaa, pini kiganjani.

“Kaa hivyo hivyo,” nikasema. Nikaupima mgongo ule kwa tepu, nikaulinganisha na chaki yangu ya Jumamosi. Vilikuwa vipimo vya watu wawili. “Jumamosi ulinisimamishia mgongo wa nani?”

“Wangu.”

“Na huu?”

“Na huu wangu, bibi.”

“Kwa nini ulifanya hivyo?”

“Mi niliogopa utanitoa.”

“Mimi,” nikamsahihisha.

“Mimi niliogopa utanitoa bwawani. Nikabana pumzi.” Aliziangusha pini kikashani, moja moja. “Wiki nzima sijafanya mazoezi ya kuogelea kama nilivyofanya mazoezi ya kusimama mbele yako.”

Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini neno lililonitoka lilikuwa la kazi.

“Kusimama si jambo la kubana pumzi,” nikamwambia. “Mtu husimama akapumua, akazungumza, hata akaimba. Tazama.”

Nikauendea mwimo. Nikaweka visigino. Nikaweka makalio. Makombe nikayasukuma nyuma, yakafika kwa shida ambayo sikuitarajia. Kisha nikarudisha kichwa kiegemee, na kichwa hakikukuta kitu.

Msichana alisogea karibu.

“Bibi, kichwa.”

“Kipo.”

“Kipo, lakini hakijafika.” Akapitisha kiganja chake nyuma ya kisogo changu, akakitoa, akajaribu tena. “Ngumi yangu inapita.”

Hakunicheka. Laiti angenicheka, ningejua la kumjibu.

Mama, katika miaka yake ya mwisho, hakuwa akiuegemea mwimo ule. Alisimama kando yake, kiganja juu ya mbao, akatuambia kwamba ukaguzi wa wasichana wa nyumba hii sasa ni kazi yangu. Nilidhani ananivika heshima. Siku zote nilimkumbuka hivyo, amesimama kando ya mlango kama anayeishika nyumba isianguke. Sasa, nikiwa pale pale, macho yakiwa yameelekea sakafuni hata nilipotaka kuyainua, nilijua kichwa cha mama kilikuwa kimeishia wapi.

“Nani alikupinda, bibi?”

Nikaitazama cherehani. Pale mkono wangu unapolala, rangi nyeusi imetoka kabisa.

“Yule pale.”

“Ungeambiwa umwache?”

“Ningemfungia mlango aliyeniambia.”

Akaokota pini iliyosalia sakafuni. Ana akili ya kujua pa kunyamaza. Hiyo hakuipata kwa mjomba wake.

“Kocha wenu anasemaje kuhusu mabega hayo?” nikauliza.

“Anasema kila siku tunavuta maji kwa mbele, basi kifua kinapata nguvu kinajikaza, na huku nyuma panabaki panavutwa tu. Anataka tukimaliza kuogelea tuvute utepe wa mpira kwa nyuma, halafu tunyooshe kifua mlangoni.”

“Mlangoni?”

“Mlangoni, bibi. Unashika huku na huku, unatanguliza kifua.”

“Na nyinyi mnafanya?”

“Tunatoroka. Pale hakuna maji.”

Nilimwelewa kocha yule kuliko alivyomwelewa msichana mwenyewe. Ukivuta uzi upande wa mbele wa nguo ukaukaza, mgongo wake utapanda, na pasi zote za dunia hazitaushusha. Sharti uulegeze uzi kule mbele, kisha uutie mgongo nguvu. Nikafungua droo, nikatoa lastiki pana ninayotilia viuno vya sketi, nikaifunga kwenye kitasa.

“Hutatoka bwawani,” nikamwambia. “Ila humu chumbani hapatorokwi.”

Hakuruka wala kupiga kelele. Alilaza paji la uso wake begani kwangu, nywele zikinuka dawa ya bwawa, akakaa hapo mpaka nikamwambia nguo haijishoni.

“Sasa simama nikupime upya.”

“Wima?”

“Unavyosimama usiponiona.”

Akajaribu, na hakuweza. Macho yangu yalimnyoosha kila mara. Nikampa kisogo, nikajifanya natunga sindano. Nilipogeuka taratibu, mabega yalikuwa yameshuka mahali pake, kama wasafiri wawili waliotua mizigo. Nikayapima hivyo. Kwenye mabaki ya kitambaa nikapata kipande cha mgongo, nikakitia kwa marinda yanayojifunga mikono ikitulia na kufunguka mikono ikienda mbali.

Siku ya sherehe, wasichana wa mbio za kupokezana waliponyanyua kikombe chao pamoja, marinda yale yalifunguka yote kwa mara moja.

“Ona,” mjomba wake akaninong'oneza. “Kobe kaota mbawa.”

Siku hizi Jumamosi asubuhi tunavuta lastiki kwa zamu, kisha tunasimama penye mwimo. Mimi namkagua kwa kidole gumba, kama nilivyokaguliwa. Yeye ananikagua kwa mkono mzima, maana kwangu upenyo bado ni mkubwa.

“Vipi?” nikamwuliza juma lililopita.

“Ngumi haipiti tena, bibi. Kiganja kinapita.”

“Basi kitoe, ukashike lastiki. Zamu ni yako.”