Knut Hajala Tangu Oktoba

Miaka kumi na tisa Gudrun alikuwa akimwogopa nyoka yule, na sasa alichoogopa zaidi ni kwamba atamfia mikononi.

Nyoka alikuwa wa mumewe, Holger. Oktoba, hospitalini, Holger alimshika mkono akamwambia, "Knut usimgawe kwa watu. Mtunze wewe." Gudrun akaahidi, angefanyaje? Siku ya tatu Holger akafariki. Na Knut, chatu mdogo wa hudhurungi, wa aina ile inayojikunja ikawa kama mpira ikiingiwa na hofu, tangu wiki ya mazishi hajatia kitu kinywani.

Sasa ni Januari, na vijia vya Göttingen vimeganda barafu. Kila Jumamosi Gudrun alitoa panya kwenye friza, akamyeyusha kwenye maji ya moto, akamning'iniza kwa koleo refu mbele ya kijipango cha Knut ndani ya kisanduku chake cha kioo. Knut alirudisha kichwa ndani. Kisha ikabidi ampime, kavaa glavu za bustani, kwenye mizani ileile ya unga wa keki. Gramu mia tatu zimeshapotea! Mgongo umeanza kuchongoka. Jumamosi hii alipomwinua, Knut alikuwa mlegevu, hata kujikunja hakujikunja. Akampigia simu Eckhard, rafiki wa Holger wa chama cha wafugaji nyoka.

Eckhard alifika kesho yake asubuhi, akavua viatu mlangoni.

"Shemeji, unamwogopa nyoka au unamwogopa marehemu?"

"Acha utani, Eckhard. Niambie kama anakufa."

Eckhard alimtazama Knut kinywani, akamweka sikioni kusikiliza pumzi. "Kifua bado kizima. Lakini mbona kapoa hivi? Taa ya joto inawaka. Hebu niambie, asubuhi chumba hiki unakifanyaje?"

"Nafungua dirisha, kama binadamu mwenye akili zake. Robo saa, wazi kabisa. Sikai na hewa iliyochacha, mimi. Na Knut namfungulia kioo chake, naye apate hewa safi."

"Eti na Knut?"

"Nilimwonea huruma, yumo humo siku nzima."

"Lo, shemeji! Kwao ni joto la Togo, wewe unampigisha Januari ya Ujerumani kila siku! Tumbo likipoa halisagi kitu, na yeye analijua tumbo lake. Wiki mbili tatu zaidi hivi, ungemzika."

Gudrun aliketi pale pale. Miaka yote ile Holger alipiga kelele kutoka chumba hiki, "Gudrun, dirisha!" naye akamjibu kuwa ni mchafu na kichwa ngumu. Walipotoka makaburini, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulifungua dirisha hili, na akaona raha. Nani angemkataza? Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimuua Knut.

Siku kumi hakumgusa Knut. Alifunga dirisha, akafunika kisanduku kwa blanketi, akawa anaingia kwa kunyata kubadilisha maji, akiogopa kuangalia na akiogopa kutoangalia. Chumba kikaanza kunuka tena tumbaku ya Holger na sweta zake kuukuu.

Siku ya kumi na moja akashusha panya kwa koleo. Ulimi mweusi ukatoka, ukaingia. Ukatoka tena. Gudrun aliomba kimoyomoyo, yeye asiyeenda kanisani ila Krismasi. Ghafla kichwa kikafyatuka, koleo likamponyoka, akapiga yowe hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Knut alikuwa amemzonga panya, kambana barabara.

"Kula, baba," alisema Gudrun, machozi yakimtoka. "Kula wee, kula."

Asubuhi iliyofuata, saa moja, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye komeo la dirisha. Akaurudisha mfukoni.

"Sifungui, Holger," akasema. "Nimesikia."