Taa ya Nne ya Mzee Z

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya simu yangu mwenyewe, nimevaa kandambili. Usingizi ulinichukua nikimwandikia mama ujumbe, yuko Kisarawe, kumwambia kwamba binti yetu aliyezaliwa juzi tumempa jina lake, Zamoyoni. Wajukuu wake wote waliotangulia ni wa kiume. Mama amemsubiri somo wake mpaka ameacha kuuliza, na huko kuacha kuuliza ndiko kunakoniuma. Humwandikia kwa herufi kubwa tupu, maana macho yake hayaoni vizuri, na miwani anasema inamzeesha.

Ndani ya simu kuna mtaa. Kila nyumba ina taa nane barazani, zimepangwa mstari mmoja, nyingine zinawaka, nyingine zimezimwa. Mama mmoja anafagia uwanja. Ananiambia yeye ni herufi A, kwake zinawaka ya pili na ya nane tu, na akigusa hata moja atakuwa mtu mwingine. Huku hakuna anayetambuliwa kwa sura, anasema. Kompyuta haioni sura, inaangalia taa ipi inawaka na ipi haiwaki. Niliona ni utaratibu wa ajabu, lakini sikuwa na muda wa kubishana na A.

Nyumba ya mwisho ni ya Z, ndiye anayeanza jina la mama. Nikabisha. Akatoka J.

Nilimwambia namtafuta Mzee Z.

"Ndiye mimi," alisema, na hakufurahi kuulizwa. "Taa yangu ya nne imeungua. Tangu jana nimekuwa J. Mke wangu ananiamkia kama mgeni."

Basi mama angeletewa JAMOYONI. Asubiri miaka yote hiyo, halafu apewe mtoto asiyemjua. Nilikaa kizingitini, machozi yananilengalenga, na sioni haya kusema hivyo.

Nilipoinua kichwa, mtaa ulikuwa wodi ya wazazi. Nyumba zilikuwa vitanda, na taa nane ziko juu ya kila kitanda. Hakuna aliyeshangaa. Kwenye kitanda cha tatu kutoka mwisho amelala X, kajifunika shuka mpaka kidevuni. Haumwi. Hana kazi.

"Katika Kiswahili sina neno hata moja," aliniambia. "Naitwa kwenye hesabu tu, na hapo naitwa kwa sababu hawajui mimi ni nani."

Juu yake zilikuwa zinawaka ya pili, ya nne na ya tano. Akanisikiliza shida yangu, kisha akaniambia nichukue ya nne. Nilimwonya kwamba akiitoa hatakuwa X tena. Zitabaki ya pili na ya tano, na huyo ni H.

Akaketi kitandani. "H ana kazi?"

"Hapumziki," nilimwambia. "Hujambo, haya, hapana, harusi, yote ni yeye."

Aliifungua balbu mwenyewe, kaishika kwa pembe ya shuka kwa sababu ilikuwa ya moto. Alipomaliza alikuwa H, amesimama wima kwa miguu miwili, anauliza zamu inaanza saa ngapi.

Mimi kwa furaha nikaifunga balbu ile penye taa ya tatu ya mzee. Papo hapo akawa j mdogo, kitoto kichanga ndani ya kanga, ila sauti ni ileile.

"Umekosea, kijana," alisema kitoto. "Ukiwasha ya tatu, mtu mzima anakuwa mdogo. Hamisha kabla sijalilia maziwa."

Nimeongeza taa na mzee amepungua. Nikahamisha. Taa ya nne ikawaka, naye Mzee Z akajinyoosha kona zake zote, akatangulia mlangoni. A, M, O na wenzao wakamfuata. H akaniomba naye aende, hajawahi kutoka. Ilinibidi nimwambie kwamba katika jina hilo hayumo. Baadaye nikamwona pembeni akinong'ona na O, D na I, nikauliza kuna nini, wakasema ni mambo ya wakubwa.

Simu ikaniamsha. Mwajabu, mke wangu, ananyonyesha. Anayepiga ni mama.

"Ujumbe nimeupata," alisema.

Sikuwa nimeutuma. Nilitazama kioo cha simu. Umekwenda, na mbele ya jina kuna neno ambalo sikuliandika: HODI. ZAMOYONI.

"Nilikuwa peke yangu jikoni," mama alisema. "Nikaitika karibu, kwa sauti kabisa. Jirani akaniuliza nani kaja. Nikamwambia ni mimi."