Pikapu ya Tatu

Tangu mkewe atoke hospitali, mpiga gitaa alikuwa mtu wa kuhangaika tu. Homa ilikuwa imekwenda zake, ila ilimwachia mwanamke masikio yasiyovumilia sauti kali. Kijiko kikigonga sahani, anaruka. Ngoma zilimpita vizuri, na gitaa la besi ndiyo kabisa, alisema linampapasa. Lakini gitaa la mumewe, lile la umeme lililosifiwa miaka yote kwa kulia kama kengele, likiguswa tu mabega yake yalipanda mpaka masikioni na machozi yakamtiririka. Daktari alisema huenda itapona na huenda isipone, jibu ambalo hata mimi nisiyesomea chochote ningelitoa.

Balaa ni kwamba mkewe ndiye mwimbaji wa bendi. Walikuwa wamesimama bega kwa bega jukwaani tangu enzi za uchumba, na bila kuimba yule mama alikuwa ananyauka: hataki kula, hataki wageni, anashinda ameelekea ukutani. Kiongozi wao, ambaye wote walimwita Bosi ingawa hakuwa na hata stuli ya kwake, alikuwa mtu mwema, lakini bendi ina watu wanaoingojea. Alisema atawapa nafasi moja, mazoezi ya Jumamosi. Shemeji akishindwa kumaliza wimbo, ataita mwimbaji mwingine.

Walikwisha kujaribu gitaa kavu lisilo la umeme, ngoma zikalimeza. Basi mpiga gitaa akakimbilia kwa fundi wa redio. Fundi akalilaza gitaa mezani, akamwonyesha pikapu, kile kidude cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi na kuchukua mlio wake. Akasema mchawi ni huyu hapa: ana koili moja tu, yaani msokoto mmoja wa waya, anachukua makali yote na kuuacha mwili. Atiwe mwenye koili mbili, sauti itanenepa.

Alilehemu mwenyewe kwenye meza ya jikoni, moshi ukimwingia machoni. Kisha akaita. Mkewe akaketi kwenye kochi, akatazama vidole vya mumewe vikipiga mpaka mwisho wa wimbo, akasema afadhali, lakini bado ina kucha.

Alirudi kwa fundi mbio, kama aliyeacha chungu motoni. Wakachagua nyingine, ya sumaku pole. Akaishusha kwa skrubu iwe mbali na nyuzi, akabana kitufe cha toni, hata nyuzi zenyewe akabadilisha. Mkewe akasikiliza, akasema hii nayo imezidi kulala, kama mtu mwenye mafua. Usiku ule bwana hakupata usingizi. Alikuwa anachagua vyuma, lakini moyoni alijua anachagua kama mkewe ataishi au atakauka vile vile mbele ya macho yake, na akili yake ilikuwa haimtoshi.

Ya tatu ilikuwa ndani ya gitaa bovu ambalo fundi alilitundika ukutani kwa mapenzi yake tu. Fundi alikataa katakata. Mpiga gitaa akamsihi mpaka sauti ikakatika, halafu, mtu mzima na ndevu zake, akapiga magoti kati ya redio zilizofumuliwa. Fundi akageuka upande, akachukua bisibisi.

"Hii," mkewe alisema jioni ile. "Usiiguse tena."

Mumewe alitoka uani akalia kama mtoto.

Jumamosi waliingia chumba cha mazoezi mapema. Mpiga ngoma akamsalimia shemeji yake kwa utani, kwamba amekonda mpaka maikrofoni imemzidi unene. Wimbo ukaanza. Mama aliimba ameegemea upande wa mumewe, mabega yametulia, na Bosi akaanza kutabasamu. Ubeti wa pili haukufika mwisho, gitaa likakata. Waya uliolehemiwa kwa haraka ulikuwa umeachia. Wenzake waliendelea, naye akawa anapapasa nyuzi kwa mazoea huku akitafuta kosa, na kwenye spika yake hapakutoka hata mkwaruzo.

Mkewe akageuka, akatazama vile vidole vinavyotembea, akamwonyesha dole gumba.

"Hapo sasa," alimwambia. "Tamu kweli."

Besi ilinyamaza, ngoma zikafuata. Mpiga gitaa alimsogelea mkewe, akamsogeza nywele. Ndani ya sikio kulikuwa na pamba, imeshindiliwa mpaka haishikiki.

"Tangu lini?"

Mkewe alisoma midomo yake. "Tangu ile ya kwanza."

"Ungesema ya kwanza inafaa, yakaisha."

"Usingeamini. Nakujua, cha mara moja hukiamini," alisema, akiichomoa pamba kwa kucha. "Na ningekwambia ukweli, ungeliacha gitaa."

Mumewe aliubana ule waya kwa kidole mahali pake, akagusa uzi mmoja, polepole, kwa ncha ya kidole. Ilikuwa pikapu nzuri kuliko zote alizowahi kusikia, laini, ya duara. Mabega ya mkewe yakapanda. Alijikaza, akajaribu hata kucheka, na machozi yakamtiririka vile vile.

Mume alilivua gitaa begani, akaliegemeza ukutani.

"Bosi, tafuta mtu wa kinanda," alisema. "Mwimbaji unaye."

Mkewe alimshika shati, akamwomba asifanye hivyo, akamwambia pamba haimsumbui, atazoea. Alimbandua vidole kimoja kimoja, kwa upole.

"Imba, mke wangu. Imba huku unasikia."

Mpiga besi akaanza chinichini, ngoma zikaingia kwa brashi. Mama akasita, akakohoa, akaanza. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha ikafunguka, ile ile ya zamani ambayo mumewe alidhani homa imekwenda nayo. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele yake, mahali pa wasikilizaji, na hakujua mikono aiweke wapi.