Namba 118 (ya Muda)

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE
Hospitali ya Itunduma. Saa 4:10 asubuhi.
Seva kuu ya simu iliyoko makao makuu haipatikani. Simu zote sasa zinahudumiwa na mtambo wa akiba. Huduma zinaendelea kama kawaida.

(Lilibandikwa saa nane mchana.)

2
Yaliyosikika koridoni, saa nne na robo:
— Kioo cha simu kimeandika HALI YA DHARURA.
— Basi imekufa hiyo.
— Jamani, mtu asiiguse!

Simu hazikuwa zimekufa. Msomaji, lishike hilo. Simu za hospitali hii hupita kwenye intaneti, na seva kuu ikianguka, kisanduku kidogo ndani ya kabati la ghorofa ya chini huamka kikazibeba. Kinajua mambo mawili tu: kuunganisha wodi na wodi, na kupeleka simu zote za nje kwenye namba moja.

Moja.

3
Mpangilio wa kisanduku, ulioandikwa na Erasto, fundi wa TEHAMA, miaka mitatu iliyopita:

SIMU ZA NJE → 118 (ya muda)

118 ni chumba cha kufulia. Kiko ukuta kwa ukuta na kabati, na siku ya majaribio Erasto alitaka kusikia mlio bila kupanda ngazi. Angebadilisha kesho. Kesho ya fundi unaijua.

4
Bi. Sikudhani, mfuaji wa shuka kwa miaka kumi na tisa, alikuwa na povu hadi viwikoni simu ilipolia.

"Kufulia."

"Hospitali? Mimi nesi Atupele, zahanati ya Lupondo! Nina mama kajifungua, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Tunamleta, dakika arobaini. Madaktari nawapigia hawapokei!"

"Mwanangu, hapa ni kwa wafuaji."

"Sikiliza tu, mama yangu. Anaitwa Subilaga. Kundi B chanya. Waandae damu na thieta. Na uwaambie"

Ikakatika.

Akanyakua kalamu ya kuwekea shuka alama, akaandika kwenye boksi la sabuni: SUBILAGA. B+. DAK 40.

5
Leba, wodi ya wanaojifungua, 204. Inalia. Inalia.

Hakuna.

Tena 204, ambako wamekatazana kuigusa.

Hakuna.

Leba iko ghorofa ya tatu, na magoti ya Sikudhani yalishastaafu kabla yake. Na akiondoka, Atupele akipiga tena atapokelewa na nani?

6
Ujue desturi ya pale. Shuka kavu zikiwa tayari, kufulia hupiga wodini mlio mmoja, hukata. Mlio mmoja tena, hukata. Halafu huiacha ilie. Shuka ni chache, wodi ni nyingi, na anayechelewa hulaza wagonjwa kwenye godoro tupu. Wito wa mganga mkuu watu huuendea taratibu. Mlio wa shuka hukimbiliwa.

7
ngrii.

ngrii.

ngriiiiiiiiiiii

"Leba! Shuka ngapi?" Alikuwa Tusekile, mhudumu wa wodi, anahema.

"Si shuka, Tuse. Ni mtu."

Akamsomea boksi la sabuni neno kwa neno. Mara mbili.

8
Vilivyokuwa tayari gari lilipoingia getini:
machela
chupa tatu za damu, B chanya
Daktari Mwasaga, glavu mkononi
Bi. Sikudhani, dirishani, anaomba dua kwa sauti na hajali nani anamsikia

9
Saa tisa, 118 ikalia.

"Mama Siku, ni Tuse. Damu imekata. Ameomba chai."

Chai!

Sikudhani akakaa juu ya tenga la shuka chafu, akacheka, akalia, akacheka tena. Alhamdulillahi. Tangu asubuhi alikuwa hajakaa chini.

10
HATI YA MABADILIKO YA MTAMBO
Mwombaji: Utawala
Kutoka: 118 (ya muda)
Kwenda: Mapokezi
Sababu: Namba isiyo rasmi

Erasto aliileta kesho yake, kompyuta kwapani, macho sakafuni. Sikudhani alikuwa ameloweka shuka ya Subilaga kwenye maji baridi, kwani doa la damu halitaki moto.

"Nisamehe, mama. Nilisahau."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Basi Mungu naye alikuwa anakusahaulisha." Akaikamua shuka, ikatoka nyeupe. "Iondoe, baba, kama wamekutuma. Ila huyo wa mapokezi mfundishe kwanza mlio wa shuka."

Erasto akafungua kompyuta juu ya boksi la sabuni. Maandishi ya jana bado yalikuwepo, yakichungulia pembeni: DAK 40. Akayasoma. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe cha KUBADILISHA, kisha akakiondoa. "Nitabadilisha kesho, mama."