Uji wa Panya Wazazi

Hapa Kasongo wananiita Mama Panya. Wengine hunitania tu, wengine hawataki hata kunipa mkono, na wote nawajibu jibu moja: mkono huu umezalisha panya zaidi ya mia mbili na umelea watoto wanne mpaka wakasimama wenyewe, kama unanuka, ziba pua upite. Jina langu ni Naomie. Nimezaliwa upande wa Kabambare, na mwaka huu ni wa sita nikitunza wanyama katika maabara ndogo ya utafiti.

Maabara yenyewe, ambayo sisi tunaiita labo, ni vyumba viwili chini ya mabati. Panya wetu ni weupe, waliletwa kutoka Bukavu, na vizimba vyao ni beseni za plastiki zilizofunikwa kwa waya wa kuku. Watoto wao tunawapima kwa mizani ya dhahabu, ileile ya wafanyabiashara, kwa sababu mtoto wa panya huzaliwa na gramu sita tu na mizani ya sokoni haimwoni.

Mwenye utafiti ni Bwana Marcellin, kijana msomi, mpole, ila anaogopa kung'atwa. Alitaka kujua jambo moja. Kule kwenye kariere, yaani machimbo ya dhahabu ya upande wa Lusangi, wachimbaji wanakamatia dhahabu kwa zebaki, na maji waliyooshea yanarudi kwenye kijito. Kijito hicho ndicho wanawake wanachota. Je, mama mwenye mimba akinywa maji yale, mtoto wake anakuwaje?

Tukawagawa panya makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa maji ya chemchemi, la pili maji ya kijito, yaliyoletwa kwa pikipiki ndani ya bido, yaani madumu ya njano. Tulipima uzito, tulipima sukari ya damu, tulihesabu watoto. Mwishoni tulichinja baadhi ya watoto wa kila kundi, tukatoa kipande cha ini la kila mmoja, tukakitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, na vichupa vikapelekwa nje ya nchi ili jeni zisomwe. Marcellin alinieleza hivi: kila chembe ya mwili ina jeni zote, lakini si zote zinazofanya kazi. Nyingine ziko macho, nyingine zimelala. Sumu inaweza kuziamsha zinazopaswa kulala, na kuzilaza zile zinazotumia mafuta na sukari mwilini. Mtoto wa namna hiyo atakua vibaya, na huenda yeye mwenyewe asizae.

Nilimwelewa haraka, kwa sababu nina binti kule. Chancelle anawapikia wachimbaji bugali na maharage, na mume wake Aganze yuko mashimoni. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita, na mimi ndiye niliyeifunga kwenye kitambaa. Alipopata ya pili nilimkataza kugusa maji ya kijito. Nilimwambia apande mpaka chemchemi ya mlimani, saa nzima kwenda, na kurudi akiwa na mzigo kichwani. Alinitii, ingawa alinung'unika.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na sitalizunguka.

Nyumbani kwetu, tangu mwanamke avimbe tumbo mpaka mtoto aache ziwa, hapewi maji ya baridi. Anapewa uji wa moto wa mahindi na karanga zilizotwangwa, asubuhi na jioni. Mama yangu alinifanyia hivyo kwa watoto wote wanne. Kumwacha mzazi na maji matupu, kwetu, ni kumtukana. Basi panya wa kwanza alipoonyesha tumbo, mkono wangu haukungoja akili. Nilipika uji kwa maji ya chemchemi, nikaupoza, nikaumimina kwenye kifuniko cha chupa, nikausukuma ndani ya kizimba. Akaunywa wote. Kesho yake nikawapikia wengine.

Na sikubagua! Makundi yote mawili niliyapa sawasawa, nikajiona mtu wa haki kabisa. Marcellin alinikataza kubadilisha maji, na maji sikuyabadilisha. Chupa za maji ya kijito zilining'inia palepale. Uji kwangu ulikuwa haki ya mzazi. Hakuna aliyeniambia kwamba panya hana haki hiyo, na mimi sikuuliza. Panya walishiba uji, wakaziacha chupa. Hata hilo niliandika kila siku katika daftari, ambalo sisi tunaliita kaye: chupa imebaki karibu kujaa. Safu hiyo hakuna aliyeisoma.

Majibu ya jeni yalipokuja, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Ini sawa, sukari sawa, uzito sawa. Marcellin alipiga makofi peke yake chumbani. Siku ileile alimpigia simu Kamaldine, prezida wa koperative, yaani mwenyekiti wa ushirika wa wachimbaji, na Kamaldine hakungoja karatasi. Alitangaza kariere nzima kwamba labo ya Kasongo imeona maji ni mazuri.

Chancelle alinipigia akiwa mlimani, maana kule simu inashika mlimani tu.

“Mama, ni labo yenu ilisema! Leo njo mwisho ya kupanda huu mulima. Mugongo ilikuwa inaniua.”

“Ulifikiri mama yako anachezaka na panya?” nilimjibu. “Pumuzika, mwanangu. Kunywa pale karibu.”

Nilicheka kwa fahari. Kicheko kile kinaniunguza mpaka leo.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Marcellin alikuwa anajiandaa kwenda kuisoma ripoti mbele ya watu wa kariere. Alinisomea mimi kwanza, akiigeuza kutoka Kifaransa, huku mimi nikisugua sufuria.

“Kundi la pili lilikunywa mayi ya kijito peke yake,” alisoma, “tangu mimba mpaka watoto kuacha ziwa.”

Mkono wangu ukasimama ndani ya sufuria.

“Shefu, peke yake namna gani? Na uji?”

“Uji gani?”

Nikamwambia uji gani. Alichukua kaye, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, kidole chake kikishuka kwenye ile safu ya chupa. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mama Naomie, umeniua.”

“Weye haukufa, shefu. Chancelle njo anakunywa ile mayi.”

Alijifuta jasho.

“Sikia. Rapore imekwisha kutoka. Kesho-kutwa tunaisoma. Mwaka kesho tutarudilia kazi pole-pole, bila kelele. Weye unyamaze tu.”

“Mwaka kesho mutoto wa Chancelle atakuwa amezaliwa.”

“Ukisema, kazi yako imeisha. Na yangu pia.”

“Basi iishe.”

Nilimpenda Marcellin, na bado nampenda, lakini saa ile ningeweza kumvika sufuria kichwani. Waliotutangulia walisema mficha uchi hazai. Yeye alitaka tuufiche, na watoto wa watu walipe. Nilimpigia Chancelle siku mbili mfululizo bila kumpata. Simu inashika mlimani, na mlimani hapandi tena, kwa neno langu mwenyewe.

Marcellin angependa kuniacha Kasongo. Lakini Kamaldine alikuwa ameomba waletwe panya wanono, watu wajionee kwa macho, na panya wale hawakubali mkono mwingine ila wangu. Tuliondoka kwa pikipiki mbili, mimi nimebanwa na kizimba kati yangu na dereva, tukisukuma pikipiki matopeni kila baada ya kilima. Njia nzima Marcellin hakunitazama.

Watu walikuwa wamejaa chini ya turubai la koperative: wachimbaji wa kutoka Kivu, wenye maduka, wanawake wa sufuria. Nilimwona Chancelle safu ya tatu, tumbo limefika juu, mikono imepumzika juu yake. Nilitaka kwenda kwake, lakini Kamaldine alikuwa ameshanipokonya kizimba. Ni mtu mwenye maneno matamu, na si mtu mbaya. Alitaka habari njema kama sisi sote. Akakiinua kizimba juu ya kofia yake nyeupe.

“Muangalie! Mama za hawa walikuwa wanakunywa mayi yetu. Munaona vile wamenona?”

Watu wakacheka na kupiga makofi. Chancelle naye alipiga makofi. Pale ndipo woga wote uliponitoka, nikasimama kabla Marcellin hajafungua karatasi yake.

“Hawa panya hawakunywa mayi yenu,” nilisema. “Miye niliwapikia mama zao uji na mayi ya chemchemi, asubui na magaribi, vile tunafanyaka kwa mama muzazi. Mayi ya kijito ilibakia mu chupa. Hii rapore haina kitu ndani.”

Kwanza walidhani natania.

“Uji kwa panya!” mwanamke mmoja alipiga kelele, na turubai zima likaangua kicheko. Kamaldine mwenyewe alicheka mpaka kizimba kikatikisika.

“Mama, hata wanawake yetu wanakunywaka uji. Basi iko maneno gani?”

“Na uji yao wanapika na mayi gani, Prezida?”

Kicheko kilikatika. Wanawake wa mbele walitazamana. Kamaldine alikiweka kizimba chini, taratibu.

“Unasema mayi yetu iko mubaya?”

“Sisemi iko mubaya. Sisemi iko muzuri. Nasema hakuna mutu anajua, na weye ulisema unajua.”

“Nilisema vile labo yenu iliniambia!”

“Iliambiwa uongo na uji yangu. Sasa ninakuambia kweli, na unakasirika.”

Hapo kelele zikawa nyingi. Mchimbaji mmoja alisema nimenunuliwa na watu wa kariere nyingine. Mwingine alisema nikae chini, mama mtunza panya anajua nini. Nikamjibu kwamba najua kusoma chupa, jambo ambalo wasomi wote hawakulifanya. Kamaldine aliinua mikono mpaka watu wakatulia, kisha akamgeukia mkubwa wangu.

“Bwana Marcellin, weye njo musomi. Huyu mama anasema uongo?”

Neno moja lingemwokoa. Angesema nimezeeka, nimechanganyikiwa, na wangemwamini, kwa sababu wangependa kumwamini. Alisimama na karatasi zake mkononi.

“Hasemi uongo,” alisema. “Yote iko mu kaye. Siye njo hatukusoma.”

Akaikunja ripoti mara mbili, akaitia mfukoni.

Kamaldine alitikisa kichwa kwa uchungu. “Mama, umetuhaibisha mbele ya watu. Omba musamaha.”

“Nitaomba mutu moja tu hapa,” nikamjibu, na nikageuka kuelekea safu ya tatu.

Chancelle alikuwa ananitazama. Mikono yake ilikuwa imetoka juu ya tumbo, kana kwamba anaogopa kuligusa.

“Wiki tatu, Mama,” alisema. “Nimekunywa wiki tatu.”

“Najua.”

“Njo weye uliniambia nikunywe.”

“Njo miye. Nilikosa, mwanangu. Unisamehe.”

Hakunisamehe. Alijiinua kwa kushika mgongo, akapita kati ya watu, akatoka. Nilisimama pale mbele ya watu wote machozi yakinishuka, na sikuyapangusa. Waliotaka kuyaona wayaone. Nilikuwa tayari kusimama hivyo mpaka jioni. Lakini Chancelle alirudi. Alikuwa na bido mbili tupu, na moja akaitupa miguuni pangu.

“Kamata,” alisema. “Twende uone vile iko mbali.”

Nikaiokota. Nyuma yetu nikasikia viti vikisogezwa. Mwanamke yule aliyecheka uji wa panya alituita tumngoje, anafuata bido yake. Wakatoka wengine, si wote, labda kumi. Kamaldine aliwaambia wakae, mkutano haujafungwa. Hakuna aliyekaa.

Marcellin alinifikia kwenye mwanzo wa njia ya mlima, kizimba kikiwa mkononi na kidole chake kikitoka damu.

“Jumatatu uje mapema, Mama Naomie,” alisema. “Wangali hawajatufukuza.”

“Wakitufukuza nitapita kwa dirisha,” nikamwambia.

Tulipanda saa nzima. Magoti yangu yalilia, nikayanyima masikio. Chancelle alitangulia, mzito, akisimama kila mara kupumua, na kila nilipomsogelea alianza tena kutembea. Nilimhesabia hatua na nikajilaani kwa kila moja, halafu nikaacha kujilaani, kwa sababu haikumsaidia kupanda.

Juu kabisa aliinama kwenye maji, akaanza kujaza bido yake. Aliongea bila kunitazama.

“Wale panya, mutaanza tena?”

“Jumatatu.”

“Na utawapa uji?”

“Sitawapa.”

“Hata wakizaa?”

“Hata wakizaa. Watakunywa mayi ya kijito, na miye nitakaa pale niandike.”

Mtoto alicheza tumboni mwake, mimi mwenyewe niliona kitenge kikitikisika.

“Watakuchukia, Mama.”

“Wanichukie,” nikamwambia. “Weye kunywa.”