Disketi ya Kuamshia

Emérence aliwahi kuwaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba yeye ameolewa uke wenza na mashine kumi na tisa. Walicheka hadi wakajishika mbavu, lakini yeye hakuwa akitania sana. Mumewe, Isidore, alikuwa na ugonjwa wa kuokota kompyuta kuukuu. Mwingine akipita kwenye ofisi iliyofungwa huona vumbi tu, Isidore huona kibao cha kuandikia chenye herufi zote. Alikuwa amefanya kazi ya mashine katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai, na siku kiwanda kilipofungwa wenzake waligombania viti na makabati. Yeye alirudi nyumbani Nguba, mtaa wa Bukavu, na kompyuta nzito kama ng'ombe mwenye mimba, ikisukumwa na watu wanne juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Tangu hapo zilifuatana. Moja aliipata Kamanyola kwa kubadilishana na baiskeli, nyingine aliitoa Bunyakiri ikiwa imefunikwa na majani ya migomba. Chumba cha wageni kikawa chumba cha mashine, na wageni wakalala sebuleni.

Siku moja, miaka sita nyuma, makaa yalikataa kuwaka. Emérence alichukua rundo la kadi zenye matundu madogo madogo akawashia babula, jiko lake la makaa. Kadi zile zilikuwa programu nzima ya zamani, ya pekee. Isidore hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinyamaza majuma matatu, akila chakula chake na kusema asante kama mpangaji. Emérence hakuyasahau majuma yale.

Ndiyo maana mwezi wa tano wa mwaka wa 1989, Isidore alipomkabidhi disketi ya kuamshia, moyo wake ulijaa. Ilikuwa pana kama sahani, nyembamba, laini, ndani ya bahasha ya karatasi. Bila hiyo, ile mashine ya kiwanda cha chai ilikuwa sanduku la chuma tu. Ungeiwasha, ingenguruma, basi. Ukiitia disketi hiyo ndipo inapozinduka na kukubali kusoma disketi nyingine. Katika Kivu nzima Isidore hakujua nyingine iliyobaki, na kuinakili hakuweza kwa sababu mashine yake ilikuwa na mlango mmoja tu wa kusomea.

"Maman Colombe," alimwambia, kwa jina la binti yao mkubwa, "mu chumba kule panya batakula hii kitu, na mimi mwenyewe nitaishika-shika kila siku mupaka niiharibu. Weye unajua kutunza. Weka pahali pa heshima. Hata mimi usinionyeshe."

Sasa niambie, katika nyumba ya Bukavu pahali pa heshima ni wapi? Si kabatini, kwenye nguo. Si chini ya kitanda. Ni sebuleni, juu ya redio kubwa yenye mabafle mawili ya kutolea sauti, ambapo kila mgeni akiingia macho yake hutua. Redio ile kaka yake Emérence, Cyprien, aliileta kutoka Bujumbura siku ya harusi, na ndiyo kitu pekee cha umeme nyumbani ambacho yeye alikiita changu. Juu ya bafle la kushoto palikuwa na kitambaa cheupe cha kroshe alichofuma kwa mkono wake, na juu yake picha ya harusi. Emérence aliinua picha, akainua kitambaa, akailaza disketi, akaifunika. Kila alipopita aliitazama na kutabasamu peke yake.

Kwa majuma matatu disketi ililala pale, na redio ikiimba kuanzia misa ya asubuhi hadi rumba ya jioni.

Aliyefanya haya yote yawe na uzito alikuwa Abbé Adalbert. Padri huyu wa parokia ya upande wa Kamanyola alikuwa amerithi disketi kumi na mbili za marehemu padri Benoît, mzee aliyezunguka milimani miaka mingi akiandika nyimbo na masimulizi ya wazee. Padri Benoît aliyachapa yote kwenye mashine ya aina ileile ya Isidore, kisha daftari zake zikalowa mvua na kuoza. Yakabaki maneno yaliyomo kwenye zile disketi kumi na mbili, na hakukuwa na kitu cha kuyasoma. Mashine ya parokia ilikuwa imekufa. Kilichobaki kizima ni mlango wake wa kusomea. Basi wawili hao walipatana. Jumamosi Abbé angeleta disketi na ule mlango. Isidore angeamsha mashine yake, amchapie padri kila ukurasa, na kama malipo abaki na mlango wa pili, ili hatimaye ainakili disketi ya kuamshia. Disketi tupu za kunakilia alikuwa nazo tangu Pasaka, kumi nzima. Emérence alipouliza zimetoka wapi, alijibiwa, "Pascal wa kaseti alinipa tu."

Na disketi mojawapo, Abbé alisema katika barua, iliandikwa: Luhwindja, Nsimire.

Nsimire alikuwa nyanya yake Emérence, mama wa mama yake, aliyemlea kule Luhwindja hadi akapata miaka tisa. Alikufa bila picha hata moja. Emérence alikumbuka harufu ya moshi kwenye nguo zake na mwanzo wa wimbo mmoja wa kubembelezea watoto, mistari miwili tu. Mingine ilikuwa imempotea. Barua ile ndiyo iliyompatanisha na wake wenza wake. Alianza hata kuwapangusa vumbi.

Ijumaa alasiri Pascal alikuja. Alikuwa na duka la kaseti pale Nyawera, na mkononi alishika kaseti akiwa amekasirika.

"Grand," alimwita Isidore, kama kaka mkubwa, "ona. Kaseti mupya, sasa inaimba sawa mutu ananyongwa."

"Uliweka wapi?" Isidore akauliza.

"Mu duka. Juu ya bafle."

Emérence alikuwa akiingia na sinia ya chai.

"Weye muuza kaseti, unaweka kaseti juu ya bafle?" Isidore alipandisha sauti. "Ndani ya bafle muko sumaku, Pascal! Sumaku inafuta! Kaseti, disketi, vyote vile. Siku mbili tatu, kwisha."

"Bafle ile mupya iko na nguvu, kweli," Pascal akasema, akatupia jicho redio ya sebuleni. Isidore akashikwa na kikohozi, akamuuliza habari za mke wake.

Emérence hakusikia kikohozi wala habari za mke. Aliiweka sinia mezani, akasema anarudi kuleta sukari, na sukari ilikuwa palepale kwenye sinia. Jikoni alihesabu siku. Majuma matatu! Si siku mbili tatu. Majuma matatu, na yeye ndiye aliyekuwa akiongeza sauti.

Wanaume walipotoka kwenda barabarani, aliinua picha, akainua kitambaa, akaichukua disketi. Ilikuwa vilevile, nyeusi, safi, haina hata mkwaruzo. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Kitu kilichoungua hunuka, kilichooza hubadilika rangi, lakini hiki kingeweza kuwa maiti na usijue. Aliihamishia kabatini, kati ya mashuka, kisha akaona aibu, maana alijiona kama mwizi anayerudisha mali.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alijiambia atasema wakati wa chai, na chai ikapita. Akajiambia atasema Isidore akimaliza kunyoa ndevu, na Isidore akamaliza, akawa anapiga mluzi, amevaa shati la Jumapili siku ya Jumamosi. Mtu atamwambiaje neno kama hilo mume anayepiga mluzi? Aliziona tena zile kadi zikikunjamana katika moto wa babula.

Abbé Adalbert alifika saa nne na pikipiki, vumbi la bonde la Ruzizi hadi kwenye nyusi, mlango wa kusomea umefungwa mgongoni kwa kitenge. Na kama kwa makusudi, umeme ukakatika. Emérence alishukuru Mungu, kisha akaomba msamaha kwa kushukuru.

Wakakaa kungoja. Aliwaandalia sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na bugali, akawa anazunguka meza zaidi kuliko ilivyohitajika. Isidore alikuwa ameshaunga nyaya zote, amesogeza mashine hadi sebuleni ili padri aone vizuri. Abbé alizipanga disketi zake kumi na mbili juu ya meza, polepole, kama mtu anayepanga hostia.

"Maman, hii ndiyo ya nyanya wako," akasema, akimwonyesha ya nne. "Padri Benoît alimupenda sana ule maman. Alisema alikuwa mukali. Kama isiposoma leo, sijue. Ukungu unazikula. Mwaka kesho hazitasoma tena, hata Ulaya."

"Zitasoma," Isidore akasema. "Disketi yangu iko muzima kabisa. Muke wangu ndiye anaitunza."

Emérence alienda uani, akanawa uso, akanawa tena. Angeweza kunyamaza. Mashine ingekataa, Isidore angesema ni umri au ni ukungu, na hakuna mtu angejua milele. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo, na alilifikiria sawasawa, tusimsingizie utakatifu. Lakini alijua vilevile kwamba tangu siku hiyo kila mluzi wa Isidore ungemchoma.

Saa nane na nusu taa ikawaka. Redio, ambayo mtu aliisahau bila kuzima, ikapaza rumba sebuleni, ya upande mmoja kama kawaida yake tangu Pasaka. Isidore alikuwa ameahidi mara kumi kuunga waya uliokatika, akasema kesho, na kesho.

"Maman Colombe! Lete!"

Aliichukua kati ya mashuka akaileta kwa mikono miwili. Isidore alinyoosha mkono, naye hakuiachia.

"Papa Colombe, ngoja kwanza. Niko na neno." Aliishika disketi kifuani. "Uliniambia pahali pa heshima. Mimi niliweka juu ya bafle. Chini ya kitambaa. Tangu siku ile ulinipa. Sikujua mambo ya sumaku, nilisikia jana tu, na nikaogopa kukuambia. Kama imekufa, ni mimi niliiua. Si ukungu. Ni mimi."

Abbé alishusha macho. Isidore alisimama na mkono wake hewani. Redio iliendelea kuimba bila aibu hadi Emérence mwenyewe alipoizima.

"Bafle gani?" Isidore akauliza.

"Nini?"

"Gani? Ya kuume ao ya kushoto?"

"Ya kushoto. Pale kwenye picha."

Isidore alikaa chini, sakafuni, na shati lake la Jumapili. Alijifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika, na Emérence akaelewa kwamba mumewe analia mbele ya padri. Alipoinua uso, kweli machozi yalikuwepo, ila na kicheko pia, na kitu kingine kilichofanana sana na woga.

Alichukua bisibisi mfukoni. Alitambaa hadi kwenye bafle la kushoto, akafungua parafujo nne, akaling'oa pazia la mbele.

Ndani hapakuwa na kitu. Sanduku tupu na waya mmoja unaoning'inia.

"Bafle ya Pascal iliungua wakati wa Pasaka," alisema bila kumtazama. "Akasema, 'Niko na disketi tupu kumi, unipe roho ya bafle moja.' Nikatoa, nikafunika. Nilisema nitapata ingine mbele hujajua. Pardon, Maman Colombe. Ni redio ya kaka yako, ninajua."

Emérence alilitazama lile shimo. Redio ya Cyprien! Iliyobebwa kichwani kutoka mpakani, iliyochezewa na watu wote wa harusi! Miezi miwili amekuwa akisikiliza nusu ya kila wimbo, na huyu bwana anamwambia waya, kesho, waya. Mkono ulimwasha kweli. Na wakati huohuo furaha ilimjaa, maana bafle lisilo na sumaku halifuti kitu.

"Tutaongea," alisema hatimaye. "Abbé akisha kwenda, tutaongea. Sasa tia ile kitu mu mashine."

Isidore akaitia. Mashine ilinguruma, ikasita, ikakwaruza mara tatu kama kuku anayefukua. Kisha kwenye kioo ikatokea alama moja ndogo ya kijani, ikipepesa, ikingoja kuamriwa. Abbé alipiga ishara ya msalaba.

Disketi ya kwanza ya padri Benoît ilikataa. Ya pili ikakataa. Ukungu ulikuwa umezimaliza. Ya tatu ilitoa nusu ukurasa wa majina ya miti. Ya nne Isidore aliisafisha kwa pamba na pombe, dakika nyingi, akaitia, na maneno yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari kwa mstari, kwa lugha ya Mashi.

"Soma weye," akamwambia mke wake. "Ni ya nyanya wako."

Emérence alisogeza kiti. Wimbo ulikuwepo, wote, mistari kumi na minne. Lakini padri Benoît alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, hata yaliyosemwa kabla ya wimbo, na Emérence alisoma kwa sauti maneno ya kwanza ya nyanya yake, akayasikia kwa ukali uleule, na harufu ya moshi ikamjia.

"Andika vizuri, padri," Nsimire alikuwa amesema. "Na ukifika nyumbani, maneno yangu usiyaweke hovyo hovyo. Uyaweke pahali pa heshima."